Jinsi ya kubadilisha IP ya intaneti ya nyumbani, na kwanini unazima ruta alafu IP inabaki ileile

Watu wengi wanafanya hivi: anazima ruta, anahesabu mpaka kumi, anawasha, anaenda kuangalia IP, yaani ile namba inayotambulisha intaneti yake, anakuta ni ileile. Anarudia mara tatu, ileile. Mwisho anasema haiwezekani, labda alipie VPN, yaani huduma ya kupitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine. Inawezekana, na mara nyingi bila kulipia chochote, ila kuna mambo mawili lazima uyajue kabla hujagusa waya wowote: IP unayotaka kubadilisha ni ipi, na anayekupa hiyo IP anakupaje. Ukishayajua hayo, kazi yenyewe ni dakika chache tu. Usipoyajua utazunguka kwenye setingi usiku kucha na asubuhi uko palepale.

IP ya nje na IP ya ndani

Nyumba yenye ruta ina IP za aina mbili. Kuna ya nje, hii ndo dunia inakuona nayo, tovuti na magemu na kila seva unayoongea nayo inaona hiyo moja tu hata kama ndani kuna simu sita, tv mbili na laptopu. Hii unapewa na kampuni inayokuletea intaneti na inakaa kwenye ruta upande wa WAN, yaani upande wa waya unaotoka nje. Alafu kuna za ndani, ruta yenyewe ndo inazigawa, kila kifaa chake, na zinaanza na 192.168, au 10, au kati ya 172.16 na 172.31. Hizo namba zimetengwa kwa mitandao ya ndani tu, zimeandikwa kwenye waraka unaoitwa RFC 1918 wa mwaka 1996, ndo maana wewe unaweza kuwa na 192.168.1.5 na jirani yako ana 192.168.1.5 na hamgombani, maana haivuki ukuta wa nyumba.

Sasa angalia shida yako. Tovuti imekufungia na hujafanya kosa lolote, au kuna mtu kwenye gemu amepata IP yako anakuangusha kila ukiingia, au tovuti zinakuona uko mji mwingine kabisa, hapo unataka kubadilisha ya nje. Kompyuta inasema kuna IP conflict, yaani vifaa viwili vina namba moja, printa ilikua inachapa jana leo haionekani, umeongeza ruta ya pili na mtandao wote umevurugika, hapo shida ni ya ndani, na hata ukizima ruta wiki nzima ili upate IP mpya ya nje haitakusaidia kitu.

Naomba hapa usiruke. Watu wanapoteza masaa mengi sana kwa kurekebisha IP ambayo haikua na shida.

Kwanza andika ulichonacho

Zima VPN kama unayo, na kama unatumia simu zima data ubaki na waifai peke yake, la sivyo utaona IP ya laini ya simu udhani ni ya nyumbani. Fungua brauza, tafuta "what is my ip", itakuja namba. Iandike mahali. Kama inakuonyesha mbili, moja fupi yenye nukta na moja ndefu yenye herufi na nukta mbili katikati, andika zote, ile ndefu ni IPv6 na ntairudia mbele kwasababu inawachanganya wengi.

Kisha tafuta mlango wa ruta. Kwenye Windows fungua cmd, andika ipconfig, bonyeza enter, angalia mstari wa "Default Gateway". Kwenye simu ya Android ingia kwenye waifai, bonyeza mtandao uliounganishwa, itakuandikia gateway au router. iPhone bonyeza ile herufi i pembeni ya jina la waifai, iko pale pale kwenye "Router". Mara nyingi itakua 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kuna ruta za faiba zinatumia 192.168.100.1. Hiyo namba iandike kwenye brauza pale juu panapoandikwa anwani ya tovuti, sio kwenye sehemu ya kutafutia, itakuletea ukurasa wa kuingia kwenye ruta. Yuza na paswedi viko kwenye stika chini au nyuma ya ruta, kama hamna mtu aliyebadilisha.

Ukiingia tafuta sehemu inayoitwa WAN au Internet au Status, kuna mambo matatu ya kuangalia pale. La kwanza, aina ya muunganiko, itasema PPPoE, au DHCP (kwenye ruta ingine inaandikwa Dynamic IP au IPoE), au Static. La pili ni ile IP ya WAN. La tatu ni "Lease Time", yaani muda uliopewa kukaa na hiyo IP, kama ipo. Piga picha ukurasa wote na simu. Serious kabisa, piga picha, maana ukija kuharibu kitu hiyo picha ndo itakuokoa.

Linganisha IP ya WAN na ile uliyoiona kwenye tovuti. Zikifanana vizuri, endelea. Zikitofautiana, na hasa kama ya WAN iko kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma wako anakuchanganya na wateja wengine nyuma ya IP moja, inaitwa CGNAT. Sio kwamba wanakuonea. IP za IPv4, yaani zile fupi zenye nukta, ziko 4,294,967,296 tu duniani kote na ghala kuu liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, kwahiyo kampuni nyingi hazina za kumpa kila mteja ya kwake. Maana yake kwako ni mbili: unaweza kufungiwa na tovuti kwa kosa la mtu usiyemjua anayetumia IP hiyohiyo, na pili, ukibadilisha vitu kwenye ruta yako inabadilika ile 100 kitu wakati IP inayoonekana nje inaweza isibadilike kabisa. Kama uko hivi jaribu kuzima na kuwasha mara moja, ikigoma usijitese, ruka mpaka sehemu ya kuongea na mtoa huduma.

Kuzima ruta kwa namna inayofanya kazi

Kama muunganiko wako ni PPPoE umepata bahati. PPPoE ni kama kupiga simu, ruta inapiga kwa yuza na paswedi, inapokelewa, inapewa IP, na ukikata ukapiga tena mara nyingi unapewa ingine. Ingia kwenye ukurasa wa WAN, bonyeza "Disconnect", subiri dakika moja hivi, bonyeza "Connect". Angalia. Ikiwa ni ileile, rudia na dakika tano. Hamna haja ya kuchomoa hata waya.

DHCP ndo wanapokwama wengi. Hii haifanyi kazi kama simu, inafanya kazi kama kukodi. Seva ya mtoa huduma ina daftari, imeandika kifaa chenye MAC hii, yaani ile namba ya utambulisho ya ruta yako, kimepewa IP hii mpaka saa fulani. Ukizima ruta ukawasha baada ya sekunde kumi, ruta inakuja inasema mimi ni yuleyule, seva inaangalia daftari, muda haujaisha, inakurudishia IP yako. Na hata usipozima, ruta ikifika nusu ya muda wake inaomba kuongezewa kimyakimya, ndo maana ruta isiyozimwa inaweza kukaa na IP moja miezi. Kwahiyo sio kwamba ulikosea kuzima, ulirudi mapema mno.

Angalia ile "Lease Time" kwenye picha uliyopiga. Inaandikwa kwa sekunde mara nyingi, 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Hiyo ndo inakuambia unatakiwa kukaa nje ya hewa kwa muda gani. Kama ni saa moja, zima nenda ukafanye mambo mengine, rudi baada ya saa moja na kitu. Kama ni siku nzima, basi ni kazi ya kupanga, zima siku ambayo hamtahitaji intaneti.

Utaratibu unaofanya kazi zaidi ni huu: ingia kwenye ruta, ukurasa wa WAN, kama kuna kitufe cha "Release" kibonyeze, hapo ruta inairudisha IP kwa adabu na seva inafuta kwenye daftari au inaweka alama kwamba iko wazi. Usibonyeze "Renew" bado. Zima ruta hapohapo kwenye umeme. Kama una visanduku viwili, kimoja cha faiba na kingine cha waifai, zima vyote viwili, usiache kimoja kinawaka maana saa ingine hicho kidogo ndo kinachoshikilia IP. Acha vizime muda ule wa lease, kama huujui acha usiku mzima. Asubuhi washa kwanza kile cha faiba au modemu, subiri taa zake zitulie, alafu washa ruta. Angalia IP.

Na bado kuna siku utafanya yote na IP itarudi ileile. Seva nyingi zimepangwa hivyo, mteja wa zamani akirudi na IP yake ya zamani bado haijachukuliwa na mtu, anapewa hiyohiyo. Mtaani kwako wakiwa wateja wachache na IP ni nyingi hii itakutokea sana. Hapo unaenda kwenye MAC.

Ila kabla ya MAC, lile tundu dogo nyuma ya ruta linaloandikwa Reset, la kuchomeka pini, USILIGUSE. Kuna mtu aliniambia nikiriseti ruta itapata IP mpya, nilikua nipo kwa ndugu yangu namsaidia, nikachomeka pini nikashikilia sekunde kumi, taa zote zikawaka mara moja, na kilichofutika ni yuza na paswedi ya PPPoE ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyekua nayo, haikuandikwa popote. Siku mbili nyumba nzima bila intaneti, na watoto walikua na mitihani ya mtandaoni wiki hiyo. Iliniuma sana na mpaka leo nikimuona mtu anashika pini karibu na ruta namzuia. Kuzima na kuwasha ni kitu kimoja, kuriseti ni kitu kingine kabisa, kuriseti kunafuta kila kitu kilichowekwa na fundi na hakukuhakikishii IP mpya hata kidogo.

Kubadilisha MAC ya ruta

Kwasababu daftari la DHCP linakutambua kwa MAC, ukibadilisha MAC unaonekana mteja mpya na mara nyingi unapewa IP mpya hapohapo bila kusubiri. Kwenye ruta tafuta "MAC Clone" au "MAC Address" ndani ya setingi za WAN au Internet, saa ingine iko kwenye Advanced. Utaona namba yenye mafungu sita, kila fungu herufi au tarakimu mbili, mfano 3C:84:6A:10:22:F7. Iandike ya zamani kwanza. Alafu badilisha fungu la mwisho tu, weka F8 badala ya F7, save, ruta itajiunganisha upya.

Usichezee fungu la kwanza kama huna uhakika, kuna kanuni pale, ile herufi ya pili ya fungu la kwanza lazima iwe shufwa, yaani 0, 2, 4, 6, 8, A, C au E, ukiweka nyingine MAC inakua sio halali na ruta itagoma au itaunganika vibaya. Fungu la mwisho halina shida hiyo.

Intaneti ikikatika baada ya hapo usiogope. Kuna watoa huduma wanafungia laini kwa MAC waliyoisajili, wakiona ngeni hawaipi kitu. Rudisha ile ya zamani uliyoandika, zima washa, intaneti itarudi. Na kwenye faiba mara nyingi kile kisanduku kinatambulika kwa serial yake na sio kwa MAC tu, kwahiyo unaweza kubadilisha MAC na IP isisogee. Ikiwa hivyo achana nayo.

Kosa moja kubwa linasambaa sana

Utaona watu wanaelekeza fungua cmd, andika ipconfig /release, alafu ipconfig /renew, umemaliza IP imebadilika. Kwa nyumba yenye ruta hii sio kweli kwa IP ya nje. Hizo amri zinaongea na ruta yako, sio na mtoa huduma, zinaomba upya ile 192.168 kitu, na mara nyingi ruta inakupa ileile kwa sababu zilezile za daftari, kwasababu ruta nayo ina daftari lake. Zinafaa pale kompyuta imechomekwa moja kwa moja kwenye modemu bila ruta katikati, au kama kompyuta imepata IP mbovu ya ndani. Ukiona kompyuta ina IP inayoanza na 169.254, hiyo ina maana iliomba IP haikujibiwa ikajipa yenyewe, hapo release na renew ni sahihi kabisa, na ikigoma angalia waya au waifai yenyewe.

Kwenye kompyuta ya Mac ya Apple (sio ile MAC ya ruta) ni System Settings, Wi-Fi, Details, TCP/IP, "Renew DHCP Lease". iPhone ni palepale kwenye herufi i, shuka chini "Renew Lease". Android zima waifai washa, au uusahau mtandao uingie upya.

Kuongea na mtoa huduma

Hii watu wanaiona kama ya mwisho, mimi naiona ingekua ya pili. Kama WAN yako inasema Static basi hamna ujanja wowote wa ruta utakaofanya kazi, IP imeandikwa kwa jina lako na ni wao tu wa kuibadilisha, na wewe ukiandika namba ingine pale kwa mkono utakata intaneti yako mwenyewe. Kama uko kwenye CGNAT vilevile.

Unapoongea nao usiseme tu nataka IP mpya, huyo wa huduma kwa wateja atakuambia zima na uwashe. Sema sababu: IP yangu ni hii, tovuti fulani inanizuia, nimeshazima ruta kwa masaa kadhaa haijabadilika, naomba mnitoe kwenye hii IP. Au kama unataka kuona kamera zako ukiwa nje, au una seva nyumbani, sema naomba public IP, yaani IP ya nje ya kwako peke yako, kuna kampuni zinatoa kwa kuongeza malipo kidogo kwenye bando na kuna zinazotoa kwa wateja wa biashara peke yake. Muulize pia itakua ya kudumu au ya kubadilika, hivyo ni vitu viwili tofauti, public sio lazima iwe ya kudumu.

Na kama sababu yako ni kwamba barua pepe au tovuti zinakukataa kwasababu IP iko kwenye orodha ya wachafu, kabla hujaibadilisha scan kompyuta na simu zote za nyumbani. Mara nyingi kuna kifaa kimoja kina kirusi kinatuma takataka bila nyinyi kujua, au ile kamera ya bei rahisi ambayo haijawahi kubadilishwa paswedi. Ukipata IP mpya na kile kifaa bado kiko ndani, utaichafua na hiyo mpya, na aliyepewa ile ya zamani anabaki na jina lako baya. Spamhaus, ambao ni kati ya wanaotunza hizo orodha, wana ukurasa wa kuangalia IP na kuomba kuondolewa, na kuondolewa ni bure.

IP za ndani ya nyumba

Hapa mambo ni mepesi na uko huru, ni nyumba yako.

Kesi ya kwanza ni vifaa viwili kupewa namba moja. Mara nyingi mmoja aliandikiwa IP kwa mkono zamani, printa au kamera, alafu ruta haijui hilo ikaja kumpa simu ya mgeni namba hiyohiyo. Suluhisho zuri sio kuandika namba kwenye kifaa, ni kwenda kwenye ruta, sehemu ya DHCP, kutafuta "Address Reservation" au "Static DHCP", unachagua kifaa unasema hiki kila siku kipewe 192.168.1.20. Kifaa chenyewe unakiacha kwenye automatic. Hivi ruta inajua kila kitu na hakuna kugongana.

Ila angalia hapa, simu za siku hizi zinabadilisha MAC zenyewe kwa ajili ya faragha, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, kwahiyo ukiweka reservation ya simu inaweza isishike. Nenda kwenye setingi za ule mtandao wa nyumbani, zima ile "Private Wi-Fi Address" au kwenye Android chagua kutumia MAC ya kifaa, kwa mtandao wa nyumbani tu, nje huko iache iwake.

Ukitaka kuandika kwa mkono kwenye kifaa chenyewe, kwenye Windows 11 ni Settings, Network & internet, ingia kwenye mtandao wako, "IP assignment", Edit, Manual, washa IPv4. Android ni kwenye setingi za mtandao, "IP settings", Static. iPhone ni "Configure IP", Manual. Unajaza IP, mask ambayo nyumbani karibu kila mara ni 255.255.255.0 au prefix 24, gateway ambayo ni ile namba ya ruta, na DNS, yaani seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, unaweza kuweka namba ya ruta au 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Chagua IP iliyo nje ya fungu linalogawiwa na ruta, mfano ruta inagawa kuanzia 100 mpaka 200, wewe chukua 20 au 30.

Kesi ya pili ni ruta mbili. Umenunua ruta yenye nguvu ukaichomeka nyuma ya ile ya mtoa huduma, zote zinajiita 192.168.1.1, na hapo hamna kinachoeleweka, saa ingine unafungua ukurasa wa ruta inakuja hii, saa ingine haiji kabisa. Ingia kwenye ile mpya ikiwa peke yake bila kuchomekwa kwa mwenzake, sehemu ya LAN, yaani mtandao wa ndani, badilisha namba yake iwe 192.168.50.1, save. Itakutupa nje, hiyo ni kawaida, zima waifai ya kompyuta washa, utapata IP mpya ya 192.168.50 kitu, na kuanzia hapo ukurasa wa ruta unaufungua kwa 192.168.50.1. Sasa chomeka. Vile vifaa vyenye IP za mkono vitapotea mpaka uvibadilishe kimojakimoja, na kama ulikua umefungua port, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, kwa ajili ya kamera au gemu, zile nazo ziandike upya kwa namba mpya.

VPN inabadilisha nini hasa

VPN haibadilishi IP ya nyumbani kwako, inaweka seva katikati na tovuti zinaona IP ya ile seva. IP yako ya WAN iko palepale na mtoa huduma anaona umeunganika na VPN na umetumia data kiasi gani, ila haoni ndani. Kwa kuvuka kizuizi cha tovuti moja leo jioni ni njia ya haraka kuliko zote. Kwa mtu anayekushambulia na tayari anaijua IP yako ya nyumbani, VPN peke yake haitoshi, badilisha IP kwanza ndo uwashe VPN, la sivyo anaendelea kugonga mlango uleule.

Nakuomba uwe makini na zile za bure zisizojulikana. Kila kitu chako kinapita kwa mwenye ile seva, umehama kutoka kumuamini mtoa huduma unayemjua ofisi yake unaenda kumuamini mtu usiyemjua hata jina. Na uelewe kwamba ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, tovuti inakujua kwa akaunti na kwa kuki zilizoko kwenye brauza. Aliyefungiwa akaunti hata abadilishe IP mara mia bado amefungiwa.

Ile IPv6 niliyosema ntairudia

Kama ulipoangalia IP ulikuta na ile ndefu, sikiliza vizuri. Mtu anabadilisha IPv4 anafurahi, kumbe tovuti inamuona kwa IPv6 na hiyo haijasogea. Ile ndefu ina nusu mbili, nusu ya mwisho simu na kompyuta zinaibadilisha zenyewe kila baada ya muda, lakini nusu ya kwanza ni ya nyumba yako, unapewa na mtoa huduma, na tovuti ikitaka kukuzuia inazuia hiyo nusu ya kwanza. Kwahiyo ukimaliza hatua zote angalia zote mbili. Ikiwa ya kwanza imebadilika na ndefu bado, unaweza kuzima IPv6 kwenye ruta kwa muda ukajaribu tena, intaneti itaendelea kwa IPv4. Na kama unatumia VPN hakikisha inabeba IPv6 pia, au inaizima, kuna nyingi inavujia hapohapo.

Ukishapata IP mpya

Ilinganishe na ile uliyoiandika mwanzo, sio kwa kichwa, kwa kuiangalia. Jaribu ile tovuti iliyokua inakuzuia kwenye dirisha la incognito, maana kuki za zamani zinaweza kukufanya udhani bado umefungiwa. Usishangae ukiambiwa uko mji mwingine, mahali pa IP panatoka kwenye madaftari ya makampuni yanayokisia, na IP iliyohamishwa juzi inaweza kuchukua wiki kadhaa kusahihishwa.

Alafu fikiria nani alikua anaijua IP ya zamani. Kamera unayoiangalia ukiwa kazini, seva ya kazini iliyoruhusu IP yako tu, mtu uliyemfungulia gemu nyumbani, wote hao hawatakupata tena. Kama IP yako itakua inabadilika mara kwa mara, ruta nyingi zina sehemu ya DDNS, unapata jina, ruta inalisasisha yenyewe kila IP ikibadilika, na wewe unatumia jina badala ya namba. Kwa aliyeko kwenye CGNAT hiyo haitafanya kazi, jina litaelekea kwenye IP ya watu wote, kwahiyo huyo anarudi kwa mtoa huduma kuomba public IP kwanza.